Nilibeba GPS za Wanaume Wawili, Leo Mimi Ndiye Mwizi wa Kilomita

Mama Jerusa, nakuandikia hapo gazetini nikiwa na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hivyo ukiona mwandiko umelala upande utanisamehe, na naomba unisaidie na mawazo upesi kabla sijampasua mtu kichwa na pampu ya baiskeli, na huyo mtu si mwingine, ni mume wangu wa ndoa ya kanisa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, Maxine, na tunaishi hapa Kapkatet. Mume wangu anaitwa Mageto. Sisi wote wawili ni memba wa klabu ya baiskeli, watu tisa, wanaume saba na wanawake wawili, yaani mimi na msichana mmoja anaitwa Nyamusi, na usidhani ni klabu ya kupiga picha, sisi tunashindana kabisa, mwaka jana nilikuwa wa pili Eldoret na hiyo baiskeli ilikuwa na breki moja. Kocha wetu Alexander ni mwalimu wa shule, siku za kazi hayuko barabarani na sisi, kwa hivyo aliweka sheria kwamba kila memba afunge GPS kwa usukani wake na kila Jumapili amtumie rekodi ya wiki nzima, aone umeenda wapi na umepanda milima mingapi, na ukikosa kufikisha kilomita za wiki mara tatu unarudisha baiskeli ya klabu na unaenda kukaa nyumbani. Sheria nzuri, mimi sikuwa na shida nayo.

Shida ilianza Januari, Mageto alipoumia goti. Aliteleza kwa matope akishuka mteremko, goti likafura, na akawa amekosa kilomita za wiki mbili, imebaki moja atolewe, akaniambia, Mama Maxine, si uende na GPS yangu pia, uifunge hapo kando ya yako, ni wiki mbili tu goti lipone. Nikakubali. Mama Jerusa kabla hujaniita mjinga ngoja nikueleze nilivyofikiria, kwa sababu wewe unajua maisha ya huku. Mama yangu amechuma majani chai miaka ishirini na zaidi, na jani lake lote linapimwa kwa namba ya baba, ile aliyosajiliwa nayo kiwandani, mgongo ni wa mama, vidole ni vya mama, kikapu ni cha mama, lakini ukifika kituo cha kununulia majani unataja namba ya baba, hata baba alipokufa namba ilibaki ya baba, na sijawahi kusikia mtu akimwita baba mwizi. Mimi nimekulia hivyo. Nilipoangalia hiyo GPS ya Mageto niliona ni namba tu, mimi nachuma, yake inapimwa, si boma ni moja?

Basi tukaenda kwa mzee Ombui, fundi wa baiskeli. Yangu ni ndogo nyeusi, ina kikalio chake, unaiweka unaizungusha kidogo inakwama pale katikati. Ya Mageto ni lile dude la njano la wapima mashamba, alilinunua kwa mtu, zito kama hindi bichi, na halikutengenezewa baiskeli hata kidogo, kwa hivyo Ombui alikata kipande cha paipu ya maji, akakilaza juu ya usukani, akafunga na raba za tyubu, akavuta mpaka akatoa jasho. Likakaa. Halafu wiki hiyo hiyo Mageto anarudi na saa ya mkononi yenye GPS, ati ni ya mwenyekiti wetu Chege, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, biashara imembana hapati nafasi ya mazoezi, na ni yeye alitununulia helmeti, nimbebee hiyo nayo, ati uzito wake ni kama wa kiberiti. Ombui akazungushia usukani kipande cha sponji ya godoro ndiyo saa ikapata mahali pa kushika. Sasa mimi ni mtu gani, naendesha baiskeli usukani umejaa kama meza ya mtu wa kuuza simu, taa sina pa kuweka, kengele nikaitoa, na mawe ya barabarani yakizidi ile saa inazunguka inaangalia chini ninasimama naigeuza, na zile tatu hazikubaliani hata siku moja, hii inasema kilomita hamsini na nane, hii sitini, lile la njano ndilo lina maringo, linataka lione mbingu yote ndiyo lifanye kazi.

Wiki mbili zikapita. Goti lilipona, uvivu ndio haukupona. Kila nikisema, Baba Maxine, kesho panda mwenyewe, anashika goti.

Mimi siku nne kwa wiki naendesha kutoka hapa mpaka Sosiot na kurudi, kwa sababu mama yangu yuko Sosiot na alipata kiharusi mwaka jana, upande mmoja umelala, siku zile zingine anaangaliwa na mke wa kaka yangu lakini siku nne ni zangu. Nafika, naegemeza baiskeli chini ya dirisha la chumba chake, naingia, namwogesha, nambadilisha nguo, namkorogea uji anakunywa, nampaka mafuta, na hiyo ni karibu saa nzima, halafu napanda tena narudi. GPS sizizimi kwa sababu lile dude la njano ukilizima linachukua muda kutafuta setilaiti na mimi sina huo muda. Nimenyeshewa na mvua ya mawe katikati ya majani chai hakuna pa kujificha, nimefukuzwa na mbwa, nimeanguka karibu na lori la majani nikaamka nikaangalia kwanza kama dude la Mageto limevunjika kabla ya kuangalia goti langu mimi, na wakati huo wote yeye yuko kitandani na mtoto, wamelala.

Aprili ikaja kampuni, jina sitataja, ikasema itachukua watu wawili kutoka klabu yetu, mwanamume au mwanamke hawajali, waende kambi ya mazoezi Iten miezi mitatu, wapewe baiskeli ya mbio ya kweli na wakifanya vizuri waingie timu. Wataangalia rekodi za GPS tangu Januari. Nililia kwa furaha Mama Jerusa, mimi sijawahi kuchaguliwa kitu maishani. Nikamwambia Mageto sasa tuache mchezo, mwambie kocha ukweli, wewe na Chege mjitoe. Akasema ndiyo, mwisho wa mwezi nitasema mwenyewe, mimi ni mwanamume, usiniaibishe, niachie hiyo. Nikamwachia.

Kumbe kompyuta ya kampuni imeona watu watatu wako mahali pamoja dakika moja, Januari mpaka Aprili. Kocha akatuita sisi watatu. Kabla sijafungua mdomo Mageto ameshasimama, uso umetulia kama mzee wa kanisa anasoma matangazo, akasema, kocha, mimi na mwenyekiti ndio tulikuwa tunaendesha pamoja kila siku, huyu mke wangu ana mtoto na ana mama mgonjwa, hakuwa anapata nafasi, akaniomba nimbebee GPS yake kwa usukani wangu, kosa ni langu, nilimhurumia. Na Chege hapo kando anatingisha kichwa, ati kweli, kweli kabisa, sisi tulimwonya.

Alinihurumia! Mama Jerusa, alinihurumia mimi!

Nilipiga kelele, kocha akasema nitulie, nilete ushahidi, na mimi nina ushahidi gani, GPS yangu Mageto aliichukua ati ameiweka salama, na mzee Ombui nilipomwendea aliangalia chini akasema yeye ni fundi tu, maneno ya mtu na bibi yake hataki. Sasa ramani zetu zote tatu ziko kwa faili ya kocha, mimi nimefutwa, Mageto na Chege ndio wanaenda Iten, na Jumamosi ijayo kuna mkutano wa klabu, natakiwa nisimame mbele ya watu niombe msamaha kwa kudanganya, nirudishe baiskeli, nifungiwe miaka miwili. Miaka miwili! Nyamusi naye amekuja kwangu analia, yeye alikuwa wa nne sasa amekuwa wa tatu, ati tumemharibia, lakini mimi nina yangu, sikuwa na nguvu ya kubembeleza mtu.

Nikiwa nyumbani nikamwuliza Mageto kwa nini, akajibu huku anatafuna, kwani mimi na wewe ni watu wawili? Nikienda si ni nyumba yetu imeenda? Mama mkwe naye amekuja kutoka kwao kunituliza, anasema mwanamke mwenye akili humeza, nikimwanika mume wangu mbele ya watu hiyo nyumba imevunjika na Maxine atakosa baba, na mchungaji ameongeza hapo mistari yake.

Mama Jerusa, niombe huo msamaha ili nyumba ikae? Nikatae na sina ushahidi? Ama nichukue jiwe nizivunje hizo GPS zote tatu mbele yao, ndiyo kitu moyo wangu unataka. Jumamosi si mbali. Nisaidie.

Mwenye Miguu, Kapkatet.

MAMA JERUSA ANAJIBU

Mama Maxine, weka jiwe chini. Weka na pampu. Ukivunja hizo GPS utakuwa umewasaidia kazi, maana ushahidi unaosema huna uko hapo ndani, na umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako halafu ukapita kama hukuuona. Nitafika hapo. Kwanza nimalize kukasirika.

Nimesoma barua yako mara mbili na nimelazimika kutoka nje nikatembea kidogo. Mwanamume anapakia dude lake kwenye baiskeli ya mke wake, anarudi kulala, mke ananyeshewa na mvua ya mawe, halafu anasimama mbele ya watu na kusema alimhurumia! Asante ya punda ni mateke, hiyo tumeizoea, lakini huyu amepiga teke na anadai punda ni yeye. Na huyo Chege, mwenyekiti mzima, mwenye duka, ati "tulimwonya". Hana haya hata kidogo. Helmeti alizowanunulia awavalishe kichwani watu wengine, wewe hakununua miguu yako.

Pole, mwanangu. Pole ya kweli. Sasa kaa vizuri, nikugombeze na wewe.

Unaniambia habari ya jani kupimwa kwa namba ya baba. Nimekuelewa, na mimi nimelelewa na mama aliyechuma kwa namba isiyo yake. Lakini jani likishapimwa limekwisha, linaenda kiwandani, hakuna anayeuliza lilichumwa na kidole gani. Kocha Alexander hakuwa anapima jani. Alikuwa anauliza swali moja tu: nani amepanda mlima? Na wewe kila Jumapili, tangu Januari, uliacha ajibiwe uongo mara mbili. Goti lilipopona ulijua. Uliona mtu anashika goti na unajua ni zima, ukafunga raba ukaondoka. Kampuni ilipokuja ukajua zaidi, ukamwachia mwongo kazi ya kusema ukweli. Huo haukuwa upole, ulikuwa uoga, na umekugharimu.

Tena kuna mahali barua yako imenichoma kuliko penginepo, na wala si pale pa Mageto. Ni pale pa Nyamusi. Umempa mstari mmoja! Msichana amefunga GPS moja, yake, ameendesha mwenyewe, akamaliza nyuma ya watu wawili ambao hawakuwa barabarani. Hao watu wawili walibebwa na nani mpaka mbele yake? Na wewe, mama. Ulimbeba Mageto ukampitisha Nyamusi, ukambeba Chege ukampitisha Nyamusi. Alipokuja kulia mlangoni kwako alikuja mahali panapostahili, na wewe ukasema una yako. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili mpigie simu. Hatutaendelea vizuri kama hujampigia.

Haya. Ushahidi.

Kwa majina uliyoandika, wewe na mimi ni watu wa milima ile ile ya magharibi, na ingawa tumehamia huku kwa majani chai, adabu ya mkwe tulikuja nayo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hamshiki mkono ovyo, hakai naye kitako, na chumba anacholala, mkwe hajui hata rangi ya ukuta wake. Mageto anajua hayo, mama yake aliyekuja kukutuliza anajua kuliko yeye, na mchungaji wenu kama ni mtu wa kwetu anajua pia.

Sasa ramani zilizo kwa faili ya kocha zinasemaje? Zinasema siku nne kwa wiki, Januari mpaka Aprili, lile dude la njano lilifika Sosiot, likaingia boma la mama yako, likasimama chini ya dirisha la chumba chake, na likakaa hapo karibu saa nzima, saa ile ile ambayo mama mgonjwa anaogeshwa. Mageto amesema mbele ya kocha kwamba aliyekuwa na dude hilo ni yeye. Kila siku, alisema. Yeye na Chege, pamoja! Basi aulizwe, walikuwa wakifanya nini hapo? Walikuwa wakiogesha mama mkwe? Asimame mbele ya watu wa klabu, na mama yake akiwa amekaa hapo, aseme ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia kwa dirisha la mama mkwe wake.

Hilo ndilo kosa lake. Aliangalia kilomita, hakuangalia ramani, kwa sababu hajawahi kuuliza unaenda wapi asubuhi.

Lakini usikimbie. Hiyo ramani ina aibu ya mtu mwingine ndani yake, na mtu huyo hajakosa kitu. Ukiifungua mbele ya watu unataja mwili wa mama yako na ugonjwa wake. Kesho ukifika Sosiot, ukishamwogesha, mweleze yote na umwombe ruhusa. Ulimi wake kama haumtii vizuri, subiri amalize, usimmalizie maneno. Akikataa, ramani itaonwa na kocha peke yake, mlango umefungwa, basi. Akikubali, na mimi nawajua akina mama wa kwetu, huenda akakuuliza mkutano ni saa ngapi apelekwe.

Halafu mwambie mume wako. Ndiyo, mwambie, usimvizie, wewe si yeye. Mwambie mchana, mama mkwe wako akiwepo asikie, maana yeye ndiye alikufundisha kumeza. Maneno yawe machache: kocha ataonyeshwa ramani ya Sosiot siku ya Alhamisi; una mpaka Jumatano jioni umwendee mwenyewe useme ulivyofanya. Usieleze mara mbili. Mama mkwe akisikia neno dirisha ataelewa haraka kuliko mwanawe, na sitashangaa akiwa yeye ndiye atamsukuma mlangoni. Na akianza ile yake ya "kwani sisi ni watu wawili", mjibu ndiyo, ni wawili, ndiyo maana kulikuwa na GPS mbili. Akiinua mkono, chukua mtoto uende kwa kaka yako siku hiyo hiyo, na jambo hilo lipelekwe kwa chifu, lisiletwe kwa gazeti.

Alhamisi, awe ameenda au hajaenda, wewe nenda kwa kocha. Mzee Ombui nenda naye. Mwambie hatakiwi kusema neno lolote juu ya mtu na bibi yake, anatakiwa tu kusema alifunga nini kwa usukani gani, paipu ngapi, sponji gani. Fundi akiulizwa habari ya kazi yake huwa hanyamazi. Mwombe kocha jambo moja zaidi: kabla ya mkutano, nyinyi watatu mpande mlima mmoja, kila mtu na GPS yake kwa usukani wake, yeye akiwa juu na saa mkononi. Mtu aliyeendesha miezi minne hataogopa kupanda mlima mmoja. Tuone goti litasema nini siku hiyo.

Kuhusu huo msamaha. Ule wameuandika wao, kwamba wewe ulibebwa, usiuombe hata wakikukalisha hapo mpaka jua lizame. Lakini una wako, na huo uuombe kwa mdomo wazi: kwamba ulibeba GPS mbili zisizo zako ukijua, na kwamba aliyeumia ni Nyamusi. Kocha anaweza kukuadhibu kwa hilo. Anaweza kukufutia nafasi ya Iten, na nafasi moja kwa vyovyote ni ya Nyamusi, usiiangalie hata kwa jicho la pembeni. Ile ya pili labda utarudishiwa, labda hutarudishiwa. Sitakudanganya, umedanganywa ya kutosha. Ukikosa, utalia, halafu utaendesha tena kwa jina lako na mwaka ujao watakukuta hapo.

Na hiyo ndoa unayoambiwa itavunjika ukisema ukweli, niambie, sasa hivi iko namna gani? Mwanamume ambaye anaweza kukuuza mbele ya kocha bila kupepesa jicho atakuuza tena mahali pengine, na siku hiyo pengine haitakuwa baiskeli. Sikwambii uondoke. Nakwambia nyumba ya Maxine haiwezi kusimama juu ya mama yake akiitwa mwizi, na huyo mtoto atakua, ataambiwa na watu, atakuja kukuuliza kama ni kweli uliiba.

Jumamosi fika mapema. Kaa mbele. Mageto akisimama kuanza na "mke wangu", simama na wewe, taja jina lako lote ulilobatizwa na la baba yako, useme ni wewe uliyekuwa barabarani. Wakikuambia ukae chini, usikae.